Samaki Hawali: Ni Rangi ya Chambo au Kitu Kingine? Utatuzi wa Matatizo ya Chambo Bandia, Pwani ya Mtwara na Lindi

Mvuvi wa mshipi akirudi bila kitu siku hizi, wa kwanza kulaumiwa ni rangi ya chambo. Simu inapigwa kutoka Msimbati hadi Kilwa Masoko: “Kaka, leo wanakula pinki.” Ikifika jioni, kijana ambaye hata hela ya petroli ya asubuhi haijarudi ameshanunua chambo cha pinki, na kesho yake anakikokota mahali palepale, kwa mwendo uleule, kikiwa na ndoana butu vilevile. Inauma kuona, maana chambo kimoja kizuri cha dukani kinaweza kumaliza kipato cha siku nzima.

Rangi ina kazi, na ni kazi ya kweli. Inamsaidia samaki kukiona chambo pale alipo, katika maji na mwanga wa saa hiyo. Hapo ndipo inapoishia. Haishushi chambo kwenye kina cha samaki, haipunguzi mwendo wa boti, hainoi ndoana. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, yaani kile unachokiona ukiwa baharini, kisha nazipitia sababu kwa mpangilio wa kuzijaribu: za bure kwanza, za kununua baadaye. Nazungumzia zaidi mshipi wa kurambaza, ule unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na kidogo mshipi wa kushusha na ule wa ngisi.

Pwani ya kusini ina jambo linalofanya suala la rangi liwe gumu kuliko sehemu nyingi. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kuifikia Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Hapo unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa, jingine linashuka Msumbiji. Maji unayoyaleta ni ya bahari kuu, ya bluu na safi, na upande wa Mtwara kina kinaanguka karibu na ufuko, kwa hiyo bluu hiyo haiko mbali. Wakati huohuo Ruvuma inamwaga tope msimu wa mvua, Lukuledi inaingia ghuba ya Lindi, Mbwemkuru inatoka kati ya Lindi na Kilwa, na ghuba zenye mikoko kama Sudi zina maji yake ya kijani. Mvuvi anayetoka asubuhi anaweza kupita maji ya tope, ya kijani na ya bluu kabla jua halijakaa sawa. Chambo kimoja cha rangi moja hakiwezi kuonekana vilevile katika maji yote matatu.

“Jirani anavuta nguru, sisi tunatazama, na rangi ni ileile”

Kama rangi ni ileile, basi rangi haina kosa. Tafuta kwingine.

Anza na kina. Chambo chenye ulimi mrefu mdomoni huzama kinapokokotwa. Chambo cha manyoya au cha nyuzi za kiroba hubaki karibu na uso mpaka kiongezewe uzito. Huenda jirani ameweka chubwi, yaani kile kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi, mbele ya waya wake na wewe hukuiona. Muulize. Ukimwita kwa heshima, “Nahodha, umeshusha pima ngapi?” (pima moja ni karibu mita 1.8), wavuvi wengi wa huku watakujibu bila choyo. Swali hilo lina faida kubwa kuliko “unatumia rangi gani?”, ingawa ndilo ambalo karibu hakuna anayeliuliza.

Kisha tazama povu. Injini inaacha nyuma yake mstari mrefu wa povu jeupe, na chambo cheupe ndani ya povu jeupe hakionekani kabisa. Achia mshipi hadi chambo kitoke nje ya povu, au kipeleke pembeni kwa mti uliofungwa ubavuni mwa chombo. Ukilazimika kuvulia ndani ya povu, weka chambo cheusi au cha zambarau. Hapa rangi inahusika kweli, lakini angalia kwa nini inahusika: ni kwa sababu ya kilichopo nyuma ya chambo.

Mwendo nao. Vyambo vingi vya nguru vyenye ulimi vinatembea vizuri kwenye maili 4 hadi 7 za baharini kwa saa. Ukizidisha, chambo kinalala ubavu, kinazunguka, kinaruka nje ya maji. Ngalawa ya tanga upepo ukilegea inaweza kwenda chini ya hapo, na chambo kizito kikabaki kinaning'inia bila uhai. Kabla ya kuachia mshipi, kikokote chambo ubavuni mwa chombo na kukitazama kwa macho yako. Kama hakitikisiki kama samaki, hata ukipake rangi ya dhahabu hakitavua. Simu yenye ramani inaonyesha mwendo, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha.

Mwisho ni waya. Nguru ana meno ya kukata, na nailoni tupu mbele yake ni hasara, kwa hiyo waya lazima uwepo. Lakini waya mnene, mrefu na unaong'aa katika maji safi ni tangazo kwa samaki. Ufupishe uwe wa nusu mita au chini, mwembamba, wa rangi ya kahawia au nyeusi. Kama walioko pale ni jodari watupu, ondoa waya kabisa na utumie nailoni isiyo na rangi.

“Jana kilivua, leo kimekufa”

Hii ndiyo dalili ambayo rangi inahusika nayo kuliko zote, kwa sababu mara nyingi kilichobadilika tangu jana ni maji.

Pima maji kabla ya kuchagua chambo. Chukua sahani nyeupe, itoboe katikati, ifunge kwenye kamba yenye mafundo kila pima moja, weka jiwe au chubwi chini yake, na uishushe upande wa chombo wenye kivuli. Hesabu pima mpaka isionekane. Watafiti wa bahari wanafanya jambo hilohilo kwa kisahani chao tangu karne ya 19, na ya kwako ya jikoni inatosha.

Sahani ikipotea kabla ya pima mbili, uko kwenye maji machafu. Hapo mambo yanageuka kinyume na yale ambayo wengi wameambiwa: bluu ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu tope na uozo wa majani unaoletwa na mito humeza mwanga wa bluu. Mwanga unaobaki ni wa kijani, njano na kuelekea chungwa. Tumia ile kijani-njano inayong'aa ya vizibao vya bodaboda, au chungwa inayong'aa, au nyeusi. Rangi zinazong'aa namna hiyo zina faida ya pekee: zinapokea mwanga wa aina nyingine, hata ule ambao macho yetu hayauoni, na kuurudisha kwa rangi yake, kwa hiyo hubaki angavu pale ambapo rangi ya kawaida imeshafifia. Nyeusi nayo inafanya kazi kwa njia tofauti, kwa kutoa umbo lililokatika wazi mbele ya maji yenye ukungu. Ongeza na chambo kinachotikisika kwa nguvu au chenye kokoto zinazogongana na kutoa sauti ndani, maana samaki kwenye tope anategemea pia mtikisiko anaousikia kwa mstari wa ubavuni mwake.

Ikipotea kati ya pima mbili na sita, ni maji ya kijani ya kawaida ya ghubani na nyuma ya miamba. Njano, kijani, nyeupe yenye mgongo wa giza. Hapa makosa ni machache, chochote chenye sehemu nyeupe na sehemu nyeusi kinaonekana.

Ikienda mbali zaidi ya hapo, uko kwenye maji safi. Bluu, fedha, nyeupe, zambarau. Samaki anakiona chambo kutoka mbali na ana nafasi ya kukichunguza, kwa hiyo chambo chenye makelele mengi kinaweza kumtisha. Dagaa na vibua wana mgongo wa bluu-kijani na tumbo la fedha. Chambo chenye mpangilio huo huniridhisha kuliko vyote katika maji haya.

Sasa kumbuka kwamba vipimo hivi vinabadilika mahali palepale ndani ya saa sita. Maji yakijaa, bahari safi inaingia ghubani. Yakipwa, tope la mto na mikoko linatoka. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu, tofauti ni kubwa. Siku za maji mafu ni ndogo. Kwa hiyo mvuvi aliyepata kwa chambo cha rangi ya fedha na bluu maji yakiwa yanajaa katika ghuba ya Lindi, akirudi kesho yake maji yakiwa yanatoka, atadhani samaki wamehama. Wanaweza kuwa palepale wakiwa hawakioni chambo. Mahali pazuri zaidi ni ule mstari ambapo maji mawili yanakutana, tope upande mmoja na safi upande wa pili. Samaki wakubwa hupita hapo wakisubiri wadogo wanaotoka, na chambo kipitishwe sambamba na mstari, upande wa maji safi.

Msimu nao unaingia. Wakati wa kusi bahari ya pwani inachafuka kwa mawimbi na mawingu ni mengi. Kaskazi ina jua kali na siku nyingi za maji matulivu, lakini huku kusini ndio msimu wenye mvua zake pia, kati ya Desemba na Aprili hivi, kwa hiyo maji ya mdomoni mwa Ruvuma yanaweza kuwa kama chai wakati nje ya miamba ni bluu tupu.

Kuna sababu nyingine ya dalili hii ambayo watu wengi hawaiangalii: chambo chenyewe kimezeeka. Zile rangi zinazong'aa huchomwa na jua. Chambo kilichokaa mwezi mzima kwenye ubao wa tezi, nyuma ya chombo, hakina tena nguvu kiliyokuwa nayo dukani, ingawa kwa jicho la haraka bado ni njano. Kiweke kando ya kipya cha rangi hiyohiyo uone. Cha chuma nacho hupoteza mng'ao. Kisugue kwa majivu na kitambaa kibichi mpaka kirudi.

“Nyekundu inavua juu, chini haivui”

Hapa kuna elimu ambayo kila mvuvi angepaswa kuwa nayo, kwa sababu inaokoa fedha moja kwa moja.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na maji huzimeza kwa zamu. Nyekundu inakwenda mapema kuliko zote. Katika maji safi kabisa, ukifika mita 10, yaani pima tano na ushei, mwanga mwekundu uliobaki ni chini ya asilimia 5 ya ule ulioingia. Chungwa inafuata, kisha njano. Zinazosafiri mbali ni kijani na bluu, na bluu ndiyo ya mwisho. Chambo ni chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu. Pasipo mwanga huo hakina cha kurudisha. Hakitoweki, kinakuwa cheusi au kijivu cha giza.

Wengi wanakosea hesabu kwa kutazama kina peke yake. Mwanga unashuka kutoka juu hadi kwenye chambo, kisha unasafiri tena kutoka kwenye chambo hadi jichoni mwa samaki. Njia zote mbili zinahesabiwa. Chambo chekundu kinachokokotwa pima moja tu chini ya uso, kwa nguru aliye mita 10 pembeni, tayari ni cheusi. Kitakuwa chekundu atakapokaribia.

Hii inaeleza pia kwa nini kile chambo cha kichwa chekundu na mwili mweupe kinapendwa dunia nzima. Kwa mbali kichwa kinaonekana cheusi na mwili mweupe, mpaka mkali kati ya giza na mwanga, na mpaka huo ndio unaomvuta samaki. Ukipaka kichwa cheusi badala ya chekundu, kwa samaki aliye mbali tofauti ni ndogo sana. Rangi nyeusi ya kucha inafanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Unaweza kujaribu nyumbani. Chukua lile dumu la maji la bluu la lita 18, likiwa tupu, na uvitazame vyambo vyako kupitia plastiki yake mchana kweupe. Nyekundu itakuwa giza, njano itapoa, nyeupe na fedha zitabaki. Siyo picha kamili ya bahari, lakini inakaribia ya kutosha kukuzuia usinunue rangi mbili ambazo huko chini ni moja. Njia nyingine ni kupiga picha ya vyambo kwa simu na kuibadilisha iwe nyeusi na nyeupe. Vile viwili vinavyofanana kwenye picha hiyo, kwa samaki aliye mbali navyo huenda vikafanana.

Macho ya samaki yenyewe yametengenezwa kwa maji anayoishi. Mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa walimpata silikanti, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kuamini ametoweka duniani. Anaishi kwenye kina cha mita 100 na zaidi, na macho yake yanapokea bluu karibu peke yake, kwa kuwa huko hakuna mwanga mwingine wa maana. (Akiingia wavuni, toa taarifa ofisi ya uvuvi, ni samaki anayelindwa.) Karibu na uso, jodari na jamaa zake wana macho yenye nguvu zaidi kwenye bluu na bluu-kijani kuliko kwenye nyekundu. Na jamii ya kungu ilichunguzwa huko Australia, kwenye Mwamba Mkuu wa Matumbawe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994: wale wa maji ya bluu ya nje walikuwa na macho yaliyoelekea bluu, wale wa maji ya kijani ya karibu na pwani macho yao yalielekea kijani, ingawa wote ni ukoo mmoja. Kwa mvuvi wa huku maana yake ni nzito. Ushauri wa rangi kutoka kwa mtu wa maji mengine, hata kama anavua samaki wa jina lilelile, hauhami pamoja na simu.

Kwa mshipi wa kushusha kwenye kina cha pima ishirini na kuendelea, achana na nyekundu, chungwa na pinki za kawaida. Fedha, nyeupe, bluu, au chambo kinachohifadhi mwanga na kuwaka gizani baada ya kumulikwa kwa tochi. Hiki cha mwisho kinastahili bei yake kwa kina hicho na usiku. Mchana juu ya maji hakina faida.

“Wanafuata mpaka karibu na chombo halafu wanageuka”

Samaki amekiona. Kwa hiyo kuonekana siyo shida tena, na kuongeza rangi kali kunaweza kuharibu zaidi. Anachokikataa ni kitu akionacho kwa karibu.

Ukubwa ndio wa kwanza kushuku. Jodari wakiwa kwenye dagaa wa urefu wa kidole, chambo cha urefu wa kiganja wanakifuata kwa udadisi na kukiacha. Mpasue tumbo samaki wa kwanza utakayempata, au wa jirani, uone alichokula. Kipimo chako ni hicho. Ongeza mwendo ghafla kwa sekunde chache kisha rudisha, maana kitu kinachokimbia kinamlazimisha samaki kuamua. Punguza unene wa nailoni. Baada ya hayo ndipo ubadilishe rangi, na ubadilishe kuelekea kwenye upole: kutoka kijani-njano inayong'aa kwenda fedha, kutoka fedha inayometa kwenda nyeupe iliyopoa.

“Wanagonga, hawanasi”

Rangi haihusiki. Nguru humkata windo nyuma ili asikimbie, kwa hiyo chambo kirefu chenye ndoana katikati kinarudi na alama za meno mkiani. Ongeza ndoana ya pili nyuma, kwa kipande kifupi cha waya. Jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, ni butu, ichukue tupa. Ikikwama, iache. Ndoana iliyoota kutu itupe.

“Alfajiri tunapata, jua likipanda ni kimya”

Samaki wawindaji mara nyingi hupanda kutoka chini. Akitazama juu, anachokiona ni umbo la chambo dhidi ya mwanga wa angani. Alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa mdogo, umbo jeusi au la zambarau hukatika vizuri kuliko jeupe. Wapo wanaoshangaa kwamba chambo cheusi ndicho cha kutumia gizani, lakini ndivyo ilivyo: mbingu, hata kabla ya jua kuchomoza, ina mwanga kuliko maji yaliyo chini.

Jua likipanda, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Mwanga unaingia kwa wima na kumulika ubavu wa chambo, kwa hiyo fedha na nyeupe zinaanza kumeta. Na samaki wengi wanashuka. Mvuvi akibadilisha rangi bila kushusha chambo ametatua nusu ndogo ya tatizo. Shusha kwanza, pima mbili tatu zaidi, kisha weka ya kung'aa. Siku ya mawingu mazito ya kusi, endelea na za giza mpaka saa nne au zaidi.

“Ngisi wamejaa chini ya taa lakini hawashiki”

Dukani ngisi ndiye mnyama anayeuziwa rangi nyingi kuliko wote: chungwa, pinki, zambarau, zote kwenye chambo kile chenye umbo la kamba na taji la miiba mkiani. Na ngisi hatofautishi rangi. Jicho lake lina aina moja tu ya vipokezi vya mwanga, kama pweza. Anachosoma ni kung'aa na giza, na ana uwezo ambao sisi hatuna, wa kuona namna mwanga unavyojipanga unaporuka kutoka kwenye magamba ya samaki mdogo.

Kwa hiyo ukiona chungwa imefanya kazi na kijani haikufanya, uliza ipi ilikuwa angavu na ipi ya giza mahali pale. Chini ya taa ya dagaa, usiku usio na mwezi, ngisi mara nyingi hukaa ukingoni mwa kivuli na kurukia kwenye mwanga. Kiangushe chambo gizani na kukileta kuelekea ukingo, kiwe cheupe au kinachowaka. Wakikaa katikati ya mwanga, weka cha giza. Wakishika kidogo na kuachia, tatizo ni uzito: chambo kinazama haraka mno na kukwepa mikono yao. Punguza risasi, kiache kishuke polepole, tikisa mara moja, subiri. Miiba iliyopinda au kupungua pia huleta dalili hiyohiyo.

“Kutwa nzima hakuna hata mguso”

Usifungue kisanduku cha rangi. Uko mahali pasipo samaki, au wapo kwenye kina ambacho hujagusa. Tafuta ndege wanaopiga mbizi, mistari ya mikondo, ukingo wa mwamba unaoanguka. Vuka kina kwa mshazari badala ya kukifuata, upite juu ya pima sita, kumi na tano, thelathini, ndipo ujue walipo.

Na lazima niseme hili: kuna sehemu za pwani hii ambazo mwamba wake umepigwa baruti mpaka umebaki kifusi. Mwamba uliokufa haulishi vidagaa, na pasipo vidagaa nguru na kolekole hawana sababu ya kupita. Hakuna rangi duniani itakayowaleta. Anayetega baruti anamnyang'anya mvuvi wa mshipi kazi yake kwa miaka mingi, na kikundi cha usimamizi wa ufuko, BMU, kinapaswa kusikia kutoka kwako kabla hajarudi. Kama unavua ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, fahamu pia maeneo na zana zinazoruhusiwa. Watu wa hifadhi wanaeleza wakiulizwa.

Kuthibitisha kama ni rangi kweli

Umeshapita dalili zote na bado unashuku rangi. Sasa ijaribu kwa haki. Weka mishipi miwili yenye chambo cha aina moja, ukubwa mmoja, waya mmoja, umbali mmoja kutoka tezi. Tofauti iwe rangi tu. Kila nusu saa badilisha pande, kwa sababu upande mmoja wa chombo mara nyingi una povu au kivuli zaidi. Andika kwenye daftari: saa, maji yanajaa au yanapwa, sahani imepotea pima ya ngapi, mawingu, na nani kagongwa.

Usiamue haraka. Kama rangi mbili ziko sawa kabisa, samaki watatu wa kwanza wote kuangukia rangi moja hutokea kwa bahati tupu mara moja katika kila nne. Sita mfululizo ni mara moja katika thelathini na mbili, hapo unaweza kuanza kusikiliza. Jihadhari pia na rangi unayoipenda: ikikaa majini muda mrefu kuliko nyingine, itavua zaidi hata kama haina ubora wowote. Kwa sababu hiyohiyo nyekundu na nyeupe ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Karibu kila chombo kinaikokota.

Ukiwa na fedha ya vyambo vitatu tu, nunua umbo moja linalotembea vizuri kwenye mwendo wa chombo chako, kwa rangi tatu: mgongo wa bluu na tumbo la fedha kwa maji safi na jua, kijani-njano inayong'aa kwa maji ya kijani na tope, nyeusi au zambarau kwa alfajiri, mawingu na ndani ya povu. Pesa iliyobaki nunua tupa ya kunolea na waya mwembamba. Ukirudi, vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushe kivulini, uvitie kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua. Vile laini vya mpira vitenganishe kwa rangi, kila rangi mfuko wake, maana vikigusana kwa joto rangi zinaingiliana na vyote vinageuka kahawia.